Barua ya Wazi kwa Matabibu: Juu ya Nyonga Iumayo na Sababu Isiyotafutwa

Kwa Waheshimiwa Matabibu wa hospitali zetu za wilaya na za mikoa, na kwa Wakuu wa vyuo vinavyowafunza matabibu wajao.

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa niseme nanyi hadharani juu ya jambo nililolibeba mwilini mwangu kwa muda wa miaka minne, na ambalo, kwa kadiri nilivyokaa katika mabenchi ya hospitali nikiwasikiliza wenzangu, nina yakini kuwa wengi wanalibeba kimyakimya hata leo. Mimi ni mwanamke wa miaka 62, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkaazi wa Tanga. Elimu ya utabibu sina, na kinyongo na yeyote kati yenu sina pia. Nimechagua barua ya wazi, nikaacha kubisha mlangoni kwa mmoja wenu na kulalamika, kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kuwa desturi, na desturi haiondoki kwa kumnong'oneza mtu mmoja sikioni.

Maumivu yalinijia polepole, kama maji yajaavyo mkokoni, hata mtu asijue ni saa ngapi yalimfika miguuni. Mwanzo nilihisi uzito upande wa kushoto wa nyonga kila nilipoondoka kitandani. Kisha nikahisi uchungu wakati wa kupanda ngazi. Na mwisho wake ikawa siwezi kulalia ubavu ule, bali kila nikigeuka usingizini naamka, na kila nikiamka nahesabu saa zilizobaki hata adhana ya alfajiri. Kikao cha tahiyatu, ambacho nimekikaa tangu utoto wangu pasipo kukifikiri, kikawa adhabu, nikaanza kusali juu ya kiti nikiwa bado sijaufikia umri aliokuwa nao mama yangu alipoanza kusali juu ya kiti. Mjukuu wangu, niliyezoea kumbeba nyongani huku nikifanya kazi zangu za jikoni, nikawa namwambia kuwa bibi amechoka, naye akanizoea hivyo, akaacha kuniomba.

Katika miaka hiyo minne nilikwenda kutafuta tiba mara 14. Hesabu hiyo naijua kwa sababu kadi na karatasi zote nimezihifadhi, kama ilivyo tabia ya watu wa kazi yangu. Mara ya kwanza niliambiwa kuwa ni baridi yabisi, na mara ya pili kuwa ni umri. Nikapimwa damu kutafutwa jongo, na jongo halikuonekana. Nikapigwa eksirei ya nyonga, ikatoka safi. Nikashauriwa kwenda mji mkubwa kupiga picha ya MRI ya uti wa mgongo, nikatoa akiba ya miezi mingi, na picha ikaonyesha kuwa diski mbili katikati ya pingili zimevimba. Basi kwa muda wa mwaka mzima na zaidi nikatibiwa mgongo ambao, kwa haki ya Mwenyezi Mungu, haukuwa ukiniuma. Nilivaa mkanda, nikachomwa sindano za kutuliza maumivu, nikameza vidonge hata tumbo likaanza kuniwaka, na nyonga yangu ikabaki pale pale kama mgeni asiyeaga. Hatimaye tabibu mmoja, mtu mpole mwenye foleni ndefu mlangoni, akaziinua picha zangu kwenye mwanga, akazirudisha katika bahasha, akaniambia: "Mama, hakuna tatizo hapa. Punguza mawazo."

Waheshimiwa, naomba mtafakari uzito wa maneno hayo kwa mtu aliyeambiwa. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini maiti hatakiwi kuthibitisha adhabu yake mbele ya mtu yeyote, ilhali mgonjwa ambaye picha yake ni safi hutakiwa kufanya hivyo kila siku, mbele ya mume, mbele ya mkuu wake wa kazi, na mwisho mbele ya nafsi yake mwenyewe. Usiku ule niliporudi nyumbani nilianza kujishuku, nikajiuliza kama kweli yawezekana kuwa maumivu haya nayatunga. Jirani zangu, ambao walinitakia mema, wakasema kuwa maadamu hospitali imeshindwa basi jambo hili si la hospitali; mmoja akataja mshipa, mwingine akataja jini, na wa tatu akaja na jina la mganga na kiasi cha fedha anachotoza. Siwalaumu. Mtu aliyeambiwa na wenye elimu kuwa hana kitu, huku halali kwa maumivu, ataachaje kwenda kwa asiye na elimu lakini atakayempa jina?

Sababu ya maradhi yangu ilipatikana siku ambayo sikuwa mgonjwa. Nilimsindikiza dada yangu, aliyevunjika mkono, kwenda kufanya mazoezi ya viungo, na kijana aliyekuwa akimhudumia akaniona nikipita ukumbini kuelekea kwenye kiti. Alipomaliza kazi yake akanijia akasema: "Shikamoo mama. Mguu huo una nini?" Katika miaka minne lile lilikuwa swali la kwanza lililotoka kwa mtu aliyeniona nikitembea; kwa wengine wote nilikuwa nimekwisha kuketi kabla hawajainua macho, na niliondoka wakiwa wanaandika.

Kijana yule alimwita muuguzi wa kike awepo, akafunga pazia, akaanza kazi ambayo nilipoitazama saa yangu baadaye niliona imechukua dakika 40. Aliniambia nimwonyeshe mahali pa maumivu kwa kidole kimoja, wala si kwa kiganja kizima. Nikaweka kidole upande wa nje, juu ya ile nundu ya fupa la paja ambayo mtu huihisi akijishika ubavuni chini ya kiuno. Alinitembeza kwenda na kurudi. Alinilaza chali, akaukunja mguu wangu na kuuzungusha ndani na nje akiniuliza kama nasikia uchungu kinenani, na sikusikia, akasema kuwa kiungo chenyewe chaelekea kuwa kizima. Aliuinua mguu ukiwa umenyooka, akagonga magoti kwa nyundo yake ndogo, akapima ganzi ya vidole, akasema kuwa mgongo hauna hatia. Kisha akanisimamisha karibu na ukuta kwa mguu wa kushoto peke yake, akahesabu polepole. Na kabla hajafika 30 yakanijia maumivu yale yale, si yanayofanana nayo bali yenyewe, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake akaitika. Alipoibonyeza ile nundu kwa kidole gumba nilipiga kelele, kisha, nawaambieni kweli, nikalia kwa furaha, kwani ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuyagusa maumivu yangu.

Akanieleza kwa maneno niliyoweza kuyafahamu. Ile misuli ya tako iliyo upande wa nje hushikamana na nundu ya fupa la paja kwa kano, na kazi yake ni kulizuia fupanyonga lisilale upande kila mguu mmoja unapoinuliwa, yaani katika kila hatua ambayo binadamu hupiga. Kano hizo zikielemewa kwa miaka, na zaidi ya kuelemewa zikibanwa juu ya mfupa, nyuzi zake huchakaa kama kamba ya ngalawa inayosuguana na ubao ule ule, na hazipati wasaa wa kujitengeneza. Zamani matabibu walidhani kuwa maumivu ya mahali hapa ni uvimbe wa kifuko cha majimaji kilicho juu ya mfupa, na hata sasa wengi hukiita hivyo, lakini uchunguzi umebainisha kuwa mara nyingi ila iko katika kano zenyewe. Kisha akaniuliza juu ya maisha yangu kama mtu aliyekuwa akichungulia dirishani mwangu. Je, ulipofundisha ulisimama ukiegemea mguu mmoja? Miaka 34 mbele ya ubao. Je, hukaa mkekani miguu ukiilaza upande mmoja? Kila jioni. Je, hulala ubavu, goti la juu likaangukia mbele? Tangu nizaliwe. Je, hubeba mtoto nyongani? Watano wangu, na wajukuu baada yao.

Dawa yake haikuwa sindano. Aliniamuru niweke mto katikati ya magoti wakati wa kulala, nisimame kwa miguu yote miwili, niache kukunja nne na kukaa upande, na nifanye mazoezi machache ya kuitia misuli nguvu, mepesi kwanza, mazito baadaye, kwa subira. Baada ya miezi mitatu nililala usiku kucha. Baada ya mwaka nilirudi chini kwenye mswala. Baadaye nilikuja kufahamu kuwa aliyonitendea hayakuwa ya kubahatisha, kwani utafiti uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2018, uliowahusisha watu 204 wenye maradhi kama yangu, ulionyesha kuwa katika wiki ya 8, miongoni mwa waliopewa mafunzo na mazoezi, waliopata nafuu walikuwa kama 77 katika kila 100, miongoni mwa waliochomwa sindano ya steroidi 58, na miongoni mwa walioachwa wangoje 29.

Sasa naomba niwarudishe nyuma kidogo katika tarehe ya elimu yenu wenyewe. Mwaka 1895 Friedrich Trendelenburg, mpasuaji wa Kijerumani, alieleza mwendo wa watu ambao nyonga zao zimeteguka tangu kuzaliwa, akabainisha kuwa mtu akisimama kwa mguu mmoja na fupanyonga likashuka upande wa mguu ulioinuliwa, basi udhaifu uko katika misuli ya tako la upande anaousimamia. Mwaka ule ule, tarehe 8 Novemba, katika mji wa Würzburg katika nchi ile ile, Wilhelm Röntgen aligundua miali ambayo leo kila mtu wetu anaiita eksirei. Tunu mbili za mwaka mmoja. Ya pili yahitaji umeme, mashine, fundi, na chumba chenye kuta za kuzuia miali. Ya kwanza yahitaji ukuta wa kushika, mguu mmoja, na jicho la mtu aliyetulia. Nasi, ambao umeme wetu hukatika na mashine zetu huharibika zikangoja vipuri, tumeishika ile ya gharama tukaiacha ile ya bure, hata mgonjwa wa nyonga aweza kupita vyumba vitatu vya hospitali, akatoka na bahasha kubwa mkononi, pasipo mtu kumwambia: simama kwa mguu mmoja nikuone.

Wala sisemi kuwa picha ni mbaya. Nasema kuwa picha ni shahidi, na shahidi huulizwa baada ya kujulikana kesi ni ipi. Asipoongozwa na swali, shahidi huyu hupotosha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuonyesha kisichohusika. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994, watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha za MRI, na zaidi ya nusu yao walionekana kuwa na diski iliyovimba mahali pamoja au zaidi. Basi ukimtafutia mtu wa makamo kosa katika mgongo wake kwa mashine hiyo, aghalabu utalipata, kama vile mwizi angepatikana katika kila kijiji ambako polisi wamekwenda wakiwa na pingu moja na hawana jina. Hivyo ndivyo diski zangu mbili, ambazo pengine nilikuwa nazo tangu zamani, zilivyobeba dhambi ya kano.

Njia ya pili ni kutoonyesha kilichopo, nayo ndiyo iliyonitia uchungu hata nikaandika. Mtaani kwetu yuko kijana ambaye nilimfundisha hesabu darasa la tano, mwenye seli mundu tangu kuzaliwa. Alipofika miaka 16 alianza kulalamika goti, kisha kinena, kisha akawa anachechemea. Kwa kuwa ugonjwa wake ulijulikana, kila alipokwenda kutibiwa maumivu yake yalihesabiwa kuwa ni yale yale ya kila siku, akapewa maji ya mshipani na dawa za kutuliza, akarudishwa nyumbani. Goti likapigwa picha, likawa zima. Baada ya miezi kadhaa nyonga nayo ikapigwa picha, ikawa safi, na mama yake akafurahi. Baada ya mwaka mwingine ikapigwa tena, na safari hiyo ikaonekana katika kichwa cha fupa la paja alama nyembamba iliyopinda, ambayo ninyi katika vitabu vyenu mwaifananisha na mwezi mwandamo. Hilali ya mwezini sisi huitazamia kwa hamu, watu wakapanda juu ya mapaa ili kuiona. Hilali hii ya mfupani ikionekana maana yake ni kwamba mfupa umekwisha kuvunjika chini ya gegedu na umeanza kubonyea, na saa ya kuuokoa imepita au iko karibu sana kupita.

Sababu yake ninyi mwaijua kuliko mimi. Chembe nyekundu za damu hujikunja mithili ya mundu, zikaziba vijishipa vyembamba vinavyokilisha kichwa cha fupa la paja, nacho kikafa polepole ndani ya tundu lake ilhali umbo lake la nje ni zima bado. Na eksirei, ambayo huona umbo wala haioni uhai, husema kuwa ni kizima. Hapo ndipo MRI ilipo na thamani yake ya kweli, kwani yaweza kuona mapema kile ambacho eksirei haijakiona. Yangu mimi ilipigwa pasipo haja; yake yeye, aliyeihitaji, haikupigwa. Na maradhi hayo si mageni mwambaoni. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alitangaza kuwa wenye kurithi seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingika na malaria kali kuliko wengine, baada ya kuona kuwa urithi huo umeenea zaidi katika pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria, mahali ambako mbu hawakomi. Kinga ya baba zetu imekuwa deni la watoto wetu. Mtoto wa pwani mwenye seli mundu anayechechemea hafai kurudishwa nyumbani kwa sababu ya picha moja safi.

Waheshimiwa, nyonga yangu na nyonga ya kijana yule ziliandikwa kwenye kadi kwa maneno yale yale: maumivu ya nyonga. Na hapa nataka kusema juu ya lugha, kwani mimi na nyinyi tunaitumia moja. Mtu wa kwetu akisema "nyonga" aweza kukusudia upande wa nje, au tako, au kiuno, au pale paja linapokutana na tumbo. Akisema "mshipa" aweza kukusudia mshipa wa damu, au neva, au ukano, au msuli, au maradhi ya siri ambayo ataona haya kuyataja. Kwa tabibu mahali hapo si pamoja: uchungu wa kiungo chenyewe aghalabu husikika kinenani, wa kano husikika nje, na wa mgongo hushuka takoni na nyuma ya paja, na wa nyonga ya mtoto huweza kusikika gotini peke yake, goti lenyewe likiwa halina kosa. Ndiyo maana kidole kimoja cha mgonjwa ni kamusi bora kuliko kinywa chake. Lakini kinywa nacho kisinyamazishwe, maana lugha yetu imetajirika katika jambo hili: kuna maumivu yanayochoma na yanayopwita, yanayowanga na yanayokaza, ganzi na kichomi; na mtu akiachwa dakika mbili aeleze lake ni lipi, na ni saa ngapi humzidia, na humpata akifanya nini, amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya tabibu.

Yako pia maswali ambayo kutoyauliza ni hatari, nayo nayataja kwa kifupi kwa kuwa ninyi ndio mlionifunza kwa vitabu vyenu. Homa na jasho la usiku na kukonda, kwani kifua kikuu, licha ya jina lake, huingia mifupani, na usaha wake huweza kutoka katika uti wa mgongo ukatambaa ndani ya msuli hata ukatokeza kinenani. Mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga, kwani usaha katika kiungo hungojea saa, haungojei siku. Mzee aliyeanguka, hata kama eksirei ya kwanza haikuonyesha ufa. Mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, nyingine akizinunua dukani pasipo cheti, au aliyezoea pombe kwa wingi, au anayeishi na virusi vya Ukimwi. Hao wote kichwa cha fupa la paja chaweza kuwafia kama kilivyomfia kijana wetu.

Najua jawabu mtakalonipa, na ni jawabu la haki: wagonjwa ni wengi, matabibu ni wachache, na foleni haina huruma. Basi niruhusuni nifanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua maishani. Mara 14 nilizokuja kwenu, kwa wastani nilikaa mbele ya tabibu dakika tano. Jumla yake ni dakika 70. Kijana wa mazoezi alitumia dakika 40, akamaliza. Katika hizo 70 zangu zilizotawanywa ingepatikana nafasi yangu na robo tatu ya nafasi ya mgonjwa mwingine, na vipimo, vidonge, sindano na nauli zangu sijazihesabu. Haraka ya siku moja ndiyo iliyorefusha foleni ya siku nyingine, kwani mimi ndiye niliyekuwa ndani ya foleni ile mara zote 14.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la mambo manne. La kwanza, mgonjwa wa nyonga asipelekwe kupigwa picha kabla hajatembezwa, hajaonyesha kwa kidole, hajasimamishwa kwa mguu mmoja, na hajashikwa kwa mkono, kwa staha ya mila zetu, pazia likiwa limefungwa na mwanamke akiwepo kwa mwanamke. La pili, wataalamu wa mazoezi ya viungo wasiwekwe mwisho wa safari kama mahali pa kuwatupia walioshindikana, bali waitwe mwanzoni, maana wao ndio wenye wasaa wa kutazama mwili ukienda. La tatu, kila mwenye seli mundu aulizwe juu ya kinena na mwendo wake kila aendapo kliniki, hata kama hakulalamika, na akilalamika asiachwe kwa eksirei safi. La nne, na hili nawaombeni wakuu wa vyuo, wanafunzi wafunzwe na kutahiniwa katika kusema neno moja gumu, yaani: "Sijaiona sababu bado."

Neno hilo nimelipigania kwa sababu liko mbali sana na lile nililoambiwa mimi. "Hakuna tatizo" ni hukumu juu ya mgonjwa; "sijaiona sababu bado" ni habari juu ya uchunguzi, nayo huuacha mlango wazi. Nafahamu kuwa wako watu ambao, hata baada ya kutazamwa kwa uangalifu wote, hakionekani mfupani wala kanoni kitu cha kuyaeleza maumivu yao, na kwamba elimu ya siku hizi yasema neva zenyewe huweza kuwa nyepesi kupita kiasi, zikapiga kelele mahali pasipo na moto. Hata hao wana ugonjwa wenye jina na wenye matunzo, na hawastahili kufukuzwa kwa kuambiwa wapunguze mawazo. Sikuwa na mawazo kabla ya kuumwa. Mawazo nilipewa pamoja na vidonge.

Kijana yule mwenye seli mundu sasa ana miaka 19. Hupita mbele ya baraza yangu akiwa na mkongojo, akanisalimia "shikamoo mwalimu" kwa sauti ile ile ya darasa la tano, na mama yake amekwisha kuelezwa habari za nyonga ya bandia, kitu ambacho John Charnley, mpasuaji wa Uingereza, alikifanikisha mwaka 1962, nacho ni neema kubwa kwa mzee, lakini kwa kijana ni kitu kitakachochakaa kabla yake na kudai kupasuliwa tena. Kila apitapo mimi huwaza kuwa sisi wawili tulikaa katika benchi moja, tukaandikiwa maneno yale yale, tukarudishwa nyumbani kwa dawa zile zile. Kano zangu zilinitesa miaka minne, lakini zilingoja hata akatokea wa kuzigusa. Kichwa cha fupa lake hakikungoja. Na siku ile ya kwanza, kabla ya kushikwa, hapakuwa na mtu awezaye kujua ni nani kati yetu aliye na wasaa wa kungoja na ni nani asiye nao.

Wasalaam, nami ni mwenye kuwaheshimu na kuwaombea dua,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.